Nani Kakutuma? Mkataba Ulio Nyuma ya Mdodosaji wa Biashara

Saa nne asubuhi, Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mama muuza vitenge anapanga mzigo, jicho moja kwa mteja anayeuliza bei ya jumla, jingine kwa kijana aliyesimama pembeni na kishikwambi mkononi na kitambulisho kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni TRA, watu wa kodi?"

"Hapana mama, tunafanya utafiti wa biashara."

"Wa manispaa?"

"Hapana mama."

"Sasa nani kakutuma?"

Kijana akageuka kunitazama. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake siku ile, nikatoa barua ya utambulisho: jina la mtafiti, jina la taasisi, muhuri. Mama akaisoma yote, taratibu. Lakini jibu kamili la swali lake halikuwa kwenye barua. Kijana alitumwa na kampuni ya kukusanya data iliyomwajiri kwa wiki tano. Kampuni ilitumwa na mtafiti. Mtafiti alitumwa na mfadhili aliyetaka kujua kama mikopo ya mtaji aliyoitoa imewasaidia wafanyabiashara wadogo. Kila mmoja kati yao alikuwa amefungwa na mkataba, na mikataba ile ndiyo iliyokuwa imeshaamua kijana atakaa na mama dakika ngapi, atarudi mara ngapi akimkosa, na atapata nini akiambiwa ukweli mgumu kuuandika.

Kazi hii nimeifanya nikiwa mdodosaji, yaani mtu wa kuhoji na kujaza majibu, kisha msimamizi, na siku hizi nawasaidia watafiti kuandika hadidu za rejea, maelezo ya kazi yanayoambatana na mkataba. Nimeshaona timu ikibishana siku nne juu ya maneno ya swali moja la dodoso, halafu ukurasa wa malipo ya wadodosaji ukasainiwa kabla chai haijapoa. Ningeweza kubadilishanisha nafasi za mambo hayo mawili ningefurahi sana, maana ukurasa ule wa malipo una nguvu juu ya matokeo kuliko maneno ya swali lolote.

Tuanze na kile ambacho utafiti wa namna hii hukitafuta, athari ya mradi. Barabara ikijengwa leo na mauzo ya duka yakapanda mwakani, huenda ni barabara, huenda ni mavuno mazuri, huenda mshindani wa jirani amefilisika. Kumuuliza mwenye duka peke yake hakutoshi. Mtafiti hutafuta wafanyabiashara wanaofanana naye ambao mradi haukuwagusa, akawauliza maswali yaleyale, kipindi kilekile, kwa namna ileile. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ndiyo inayoitwa athari.

Mfano ninaoupenda ni wa kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kwa kaya maskini zaidi ya 10,500. Vijiji 653 viliingia kwenye utafiti, na bahati nasibu ndiyo iliyoamua kipi kipate na kipi kisipate. Watafiti, akiwamo Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, hawakuishia kwa waliopokea fedha. Waliwauliza na wasiopokea, wakaorodhesha biashara za vijijini, wakafuatilia bei masokoni. Matokeo yalipochapishwa 2022 yalionyesha kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha zaidi ya dola mbili katika uchumi wa eneo lile. Bei zilipanda kidogo mno, wastani wa karibu asilimia 0.1. Na wenye biashara waliuza zaidi, ingawa hawakuongeza uwekezaji kwa kiasi cha kuonekana.

Sasa fikiria kilichohitajika ili kulijua hilo. Mtu alipaswa kufika mpaka kijiji ambacho hakikupata hata senti, amkute mwenye mashine ya kusaga, amwombe muda wake, aulize mauzo yake. Mwenye mashine hana sababu ya kumfurahia mgeni huyo. Fedha zimepita kwa jirani. Lakini bila yeye hakuna ulinganisho, na kuna hatari kubwa zaidi: duka la kijiji kilichopata fedha likiuza zaidi kwa sababu tu wateja wamelihama duka la kijiji cha pili, uchumi haujakua, umehama. Huwezi kulijua hilo usipoenda kwa aliyekimbiwa na wateja. Safari hizo ni ghali na hazina wa kuzipigia debe, kwa hiyo bajeti ikibanwa ndizo za kwanza kukatwa. Kama hazikuandikwa kwenye mkataba kwa idadi na kwa shilingi, hazitafanyika.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watafiti wasiende wenyewe, au serikali isifanye kazi hiyo. Sababu ya kwanza ni ya mikono: hakuna idara ya chuo yenye watu arobaini wanaosubiri, wanaojua Kisukuma na Kijaluo na njia za mkato za Buguruni. Sababu ya pili ni ya kuaminiana. Benki ya Dunia, katika utafiti wake wa biashara unaofanyika katika nchi nyingi duniani, huajiri kampuni binafsi badala ya ofisi za serikali, kwa sababu dodoso lina maswali kuhusu rushwa na uhusiano wa biashara na serikali. Mwenye kiwanda hatamwambia ofisa wa serikali alichomlipa ofisa mwenzake. Tena hata mtu wa kampuni binafsi hamuulizi "wewe umetoa kiasi gani". Anaulizwa juu ya biashara kama yake, ili apate mahali pa kupumulia.

Utafiti huo wa Benki ya Dunia, hata hivyo, huangalia biashara rasmi zenye wafanyakazi watano kwenda juu. Hapo mama wa vitenge hayumo, mama lishe hayumo, machinga hayumo. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua habari zao hukutana na tatizo la kwanza la mkataba, nalo ni orodha. Unachaguaje sampuli ya watu wasio kwenye daftari lolote? Kenya walipofanya utafiti wa biashara ndogo na za kati mwaka 2016, Ofisi ya Takwimu ya nchi hiyo ilikadiria biashara milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Ukichota majina yako kwenye orodha ya leseni za halmashauri umeshaziacha nje nne kati ya kila tano kabla hujaanza.

Dawa yake ni kutembea. Unaigawa mitaa kwa ramani, unatuma watu wahesabu kila kibanda, kila meza, kila genge, kila chumba chenye cherehani kinachofunguliwa uani, ndipo unapochagua. Kuhesabu huko kunachukua siku nyingi na hakuleti dodoso hata moja. Nimesoma zabuni ambazo hazikuitengea siku hata moja, zikasema tu "orodha itapatikana kwa mtendaji wa kata". Mtendaji atakupa orodha, ndiyo. Itakuwa na maduka yaliyochangia mbio za Mwenge wa Uhuru.

Shilingi 6,000 kwa dodoso

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, nilikaa usiku nikiangalia ramani ya madodoso ya siku. Kila dodoso likijazwa kwenye kishikwambi huacha alama ya mahali na saa. Alama za timu nzima zilikuwa zimetawanyika mjini kama punje za mtama, isipokuwa za kijana mmoja. Madodoso yake kumi na moja yalikuwa yamerundikana mahali pamoja, kati ya saa nane na saa kumi jioni. Asubuhi nikaenda. Palikuwa na kibanda cha chipsi, na nyuma yake benchi zuri chini ya mwembe. Hakuna biashara nyingine.

Wenyewe tunaita kupika data, kujaza majibu ya kubuni. Nilimkuta kijana, tukakaa kwenye benchi lilelile, na hakukana. Alinipigia hesabu. Kampuni ilimlipa shilingi 6,000 kwa kila dodoso lililokamilika, nauli na chakula akijilipia mwenyewe. Dodoso lilichukua zaidi ya saa nzima, na wafanyabiashara walimwambia asubiri wateja wapungue. Akiwa mkweli aliweza matatu kwa siku: 18,000. Bodaboda 8,000, chakula 3,000. Anabaki na 7,000, siku nyingine chini ya hapo. Mkataba ule ulimlaza njaa akiwa mkweli, ukamshibisha akipika.

Tulimwondoa kazini, na madodoso yake yote ya wiki tukayatupa. Lakini nilipofungua mkataba wa kampuni na mtafiti nilikuta mzizi wake. Mtafiti naye alikuwa anailipa kampuni kwa idadi ya madodoso, kwa bei ya chini kuliko wazabuni wote walioshindana, na kampuni ikaushusha mzigo uleule mpaka chini. Kijana wa chini ya mwembe alikuwa mtu wa mwisho kuubeba.

Tangu siku hiyo nina mambo ninayoyadai kabla sijakubali kuandika hadidu za rejea za mtu. Mdodosaji alipwe kwa siku, na nauli iwe fungu lake peke yake. Lengo la siku lipatikane kwenye majaribio ya dodoso, watu wakiwa na saa mkononi, lisitoke kwenye kichwa cha mhasibu. Kampuni ilipwe kwa hatua: orodha imekamilika, mafunzo yamefanyika, theluthi ya kazi imepita ukaguzi, na kuendelea. Na zabuni ya bei ya chini isomwe kwa jicho kali. Kampuni inayoahidi kwamba kila mdodosaji atamaliza madodoso manane kwa siku, wakati dodoso ni la saa nzima na watu wanaohojiwa wana wateja dukani, imeshakuambia kwa maandishi kwamba itapika.

Kuna wanaopinga malipo ya siku, wakisema mtu atakaa kivulini akila posho. Ni hofu ya haki. Lakini mvivu anaonekana, maana mwisho wa siku hana kitu, na msimamizi anamshughulikia. Mpishi wa data anaonekana hodari kuliko wote. Kati ya hasara hizo mbili naichagua ile ninayoweza kuiona.

Mauzo yako kwa mwezi ni kiasi gani?

Hilo ndilo swali ambalo utafiti mzima unalisubiri, na ndilo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijibu sawasawa. Wapo wanaoficha, lakini wengi wao kwa kweli hawajui. Mama wa vitenge ana madaftari mawili: moja la mauzo ya mkononi, jingine la mali kauli, yaani mzigo aliochukua au alioutoa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Je, kitenge kilichotoka leo na kitakacholipwa mwisho wa mwezi ni mauzo ya leo? Na unga anaouchukua dukani muuza rejareja kwenda kupika nyumbani, ni matumizi ya biashara au ya familia? Dodoso lisipotoa jibu, kila mdodosaji atatoa lake, na matokeo yako yatakuwa kipimo cha wadodosaji badala ya cha biashara.

Watafiti waliofanya majaribio Sri Lanka waligundua kwamba wafanyabiashara wadogo hupunguza mauzo yao kwa karibu asilimia 30 wanapohojiwa, na kwamba kuuliza faida moja kwa moja mara nyingi kunatoa jibu la karibu zaidi na ukweli kuliko kuuliza mauzo, kisha gharama, kisha kutoa. Nami naamini hivyo. Mama hajui mauzo ya mwezi, lakini anajua vizuri mno kilichobaki baada ya kununua mzigo mwingine.

Na wanaoficha wana sababu. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa kwa wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka. Mwenye kitambulisho kile aliyeulizwa mauzo yake alijua pa kuishia. Mtafiti wa nje asiyejua habari za kitambulisho angeona wafanyabiashara wamejazana chini ya milioni nne na kuandika sura nzima kuhusu mitaji midogo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kampuni ya kukusanya data iitwe mezani wakati dodoso linatungwa, na muda huo ulipwe. Mdodosaji mzoefu ataliona tatizo la namna hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, lakini mikataba mingi humwita siku ya mafunzo, maswali yakiwa yameshapigwa muhuri.

Wakati nao una uzito wake. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia TRA, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Timu ya wadodosaji ikitokea sokoni wiki kama hizo na maswali ya mauzo, itapata milango iliyofungwa au majibu ya hofu, na barua yenye muhuri itazidisha hofu hiyo. Hata bila mgomo, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, wakati awamu za kodi ya mapato zinalipwa, si wakati wa kumuuliza mtu faida yake. Mkataba wenye tarehe ngumu na faini ya kuchelewa humlazimisha msimamizi kuingia sokoni siku hizo hizo. Weka kifungu cha kusogeza kazi bila adhabu.

Vibali vya utafiti navyo vinakula siku: tume ya sayansi, COSTECH, kwa Tanzania, na mwenzake NACOSTI kwa Kenya, kisha barua inashuka mkoani, wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye huenda yuko msibani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Kwa hiyo mkataba useme wazi nani anamiliki majina na namba za simu za waliohojiwa, zinakaa wapi, na zinafutwa lini. Nimeshakutana na wafanyabiashara waliohojiwa mwezi wa tatu na kuanza kupigiwa simu za mikopo mwezi wa nne. Mtu wa namna hiyo hatamfungulia mdodosaji mwingine daftari lake maisha yake yote, na ana haki.

Ukaguzi nitaueleza kwa kifupi kwa sababu mbinu zake zinajulikana: mtu mwingine, asiye wa kampuni ileile ikiwezekana, anawarudia baadhi ya waliohojiwa, kama mmoja kati ya kumi, na kuwauliza maswali machache yasiyobadilika, alama za mahali zinaangaliwa kila jioni, vipande vya sauti vinarekodiwa kwa ridhaa ya anayehojiwa. Hata hivyo, mara nyingi kampuni inayokaguliwa ndiyo inayomlipa mkaguzi. Fungu la ukaguzi litoke kwa mtafiti.

Duka lililofungwa

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine. Utafiti wa athari hurudi. Unawahoji watu leo, unawahoji tena baada ya mwaka au miwili. Katika muda huo biashara ndogo nyingi zinakufa, zinahama, zinabadilika. Mkataba unaolipa kwa dodoso lililokamilika unamwambia mdodosaji, bila kutamka, aandike "hakupatikana" na kuendelea. Biashara zilizokufa zinatoweka kwenye hesabu. Zinabaki zilizofanikiwa, wastani unapanda, na ripoti inasema mkopo umeinua mauzo. Inawezekana kabisa kwamba mkopo huohuo ndio uliozizika zile zisizoonekana, kwa marejesho ya kila wiki ambayo mtaji haukuyaweza. Ripoti haitajua, na mfadhili ataongeza mikopo.

Kwa hiyo duka lililofungwa linapaswa kuwa kazi inayolipwa sawa na duka lililo wazi. Dodoso lake liwepo: lilifungwa lini, kwa nini, mwenyewe yuko wapi, anafanya nini sasa, deni limebaki kiasi gani. Siku za kutafuta ziwe kwenye bajeti, na vocha za simu, na nauli ya kumfuata mtu mpaka alikohamia.

Tuliporudi Mtaa wa Congo mwaka uliofuata, mahali pa mama wa vitenge palikuwa na kijana anauza kava za simu. Hakumjua. Mkataba wetu safari hiyo ulikuwa na siku za kutafuta, basi yule mdodosaji wetu akaulizia mlango kwa mlango, mpaka fundi cherehani wa ghorofani akasema, "Alifunga baada ya Ramadhani," akampa namba. Mama akapokea.

"Wewe ni yule wa kishikwambi?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo Tandika mwanangu, ila vitenge hakuna tena."

Tulimkuta sokoni Tandika saa tisa alasiri, nyanya zimepangwa mafungu manne manne juu ya gunia, daftari la mali kauli lilelile chini ya ndoo. Rejesho la mwisho la mkopo alikuwa amelilipa kwa kuuza cherehani yake. Kijana akaketi kwenye kreti, akafungua dodoso la biashara iliyofungwa, na lilichukua dakika arobaini na tano, kwa sababu kila fungu liliponunuliwa ilibidi wapange upya.